Ufunguo wa Siku Elfu Kumi

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Miaka hamsini na miwili tangu niondoke Unguja. Nimekuja kwa wiki mbili tu. Nimefikia mtaa wa Malindi kwa Tahiya, binti wa marehemu kaka yangu, anayesomesha kompyuta Mbweni. Kazi yetu ni moja: programu ya simu ya maneno ya lahaja ya Kitumbatu. Maneno mia sita na kumi na mawili, yote kwa sauti ya Bi Wanu wa Mkokotoni. Imebaki kutiwa saini — bila saini simu haiipokei — na kuandikiwa leseni.

Taasisi ya Copenhagen iliyonifadhili inataka saini iwe yake na haki zote ziwe zake. Sauti ya Bi Wanu, haki zao! Wana nakala ya kazi nzima. Tusipoitoa sisi kabla ya Ijumaa kwisha, wataitoa wao kwa jina lao.

Nimetengeneza ufunguo wa saini mwenyewe. Kompyuta iliuliza jina: Wanu. Mji: Mkokotoni. Ufunguo utadumu siku elfu kumi. Mimi nina miaka sabini na minne. Utanizika.

Jumanne, 3 Septemba

Nilimpigia Tahiya kazini nikamtajia nenosiri la ufunguo, alitie kwenye faili la kujengea programu. Jioni tukajenga. Imekataa! Nenosiri si sahihi. Tahiya akashuku kwamba faili halijui ufunguo ulipo. Tukalielekeza upya. Imekataa.

Jumatano, 4 Septemba

Imekataa. Tahiya anasema tutengeneze ufunguo mwengine, dakika tano tu. Mpya wa nini? Neno nnalijua! Kanitazama kama anavyotazamwa mzee aliyesahau alikovua viatu. Sikulala vizuri.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemwambia anionyeshe alichoandika. Kaandika: nimeshafika.

— Mie nlisema nshafika!

— Ami, mie mwalimu. Mtoto akiniandikia nshafika namkata alama.

— Basi leo kompyuta imekukata wewe.

Tulicheka mpaka jirani akaita kutoka dirishani, kuna nini? Tukafuta herufi tatu. Imejenga. Saini ya Wanu imekubali.

Ijumaa, 6 Septemba

Mkokotoni baada ya sala. Shikamoo Bi Wanu. Marahaba, mbona umekonda, huko Ulaya hawapiki? Nikamsomea leseni ya taasisi, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akaniuliza: yaani nikitaka kusema maneno yangu nikawaombe ruhusa? Nikamwambia karibu na hivyo. Akasonya kweli kweli.

Basi kataja yake, nami nikaiandika palepale: kila mtu ayatumie, ayanakili, ampe amtakaye, asiyafungie mtu. Tahiya kaitia kwenye faili, kajenga upya, katuma kwa wanawake kumi na saba wa mtaa, simu kwa simu. Duka la programu hatunalo, akaunti ni ya taasisi. Na tuikose!

Kisha simu ya Bi Wanu mwenyewe. Ikatoa onyo: programu hii inatoka chanzo kisichojulikana.

— Asojulikana nani? Mie? Nnajulikana mpaka Nungwi!

Tahiya anacheka huku anatafuta pa kuiruhusu. Simu ya zamani, kioo kimepasuka, kidole hakishiki.

Saa kumi na moja imeingia barua pepe ya taasisi, kujibu niliyowaandikia kwamba tumeshaitoa. Nimevunja makubaliano. Nirudi Jumatatu, nikabidhi ufunguo, wao wataitoa upya kwa utaratibu. Nisiporudi, chumba ninachokaa huko — ni chao — watakifungua na kumpa mwengine. Vitabu vyangu vyote vimo mle, na dawa za miezi mitatu. Tahiya kaisoma begani kwangu. Bi Wanu anauliza wanasema nini hao.

Nimemwambia wanataka ufunguo. Ndani wanamimina chai. Simu bado inakataa.

Sirudi Copenhagen.