Pumzi ya Bi Zena

Jumatano

Bado naisikia sauti ya Bi Zena wa kisiwani Chula. Alikuwa akihema kwa tabu, nami nilitaka kujua mapafu yake yamebakiwa na nguvu kiasi gani. Nikamwambia avute pumzi, ahesabu mpaka imwishie.

"Mwanangu, mwambie Fatuma..."

"Hesabu kwanza, mama. Utamwambia mwenyewe."

Akahesabu. Asubuhi alifika kumi. Mara hii aliishia nne. Tukampa dawa ya usingizi, tukamtia mpira kooni, mashine impumulie. Hakuamka.

Kipimo sikukosea. Lakini ningepungukiwa na nini kumwacha amalize maneno yake?

Jioni bintiye Fatuma akafika kwa mashua, nguo zimelowa chumvi.

"Mama kanena nini?"

Nilichokuwa nacho ni moja, mbili, tatu, nne.