Taa ya Boti Kwenye Mnada

Jumatatu, 4 Julai
Uji. Kubishana na mke wangu, kashinda yeye kama kawaida. Dalali keshafika Mbamba Bay. Ushirika umekufa, kahawa siku hizi ya wanunuzi binafsi, basi vyombo vya godauni vinapigwa mnada Jumamosi. Viti, mizani, na ile taa ya shaba ya boti.
Taa naitaka. Kaka yangu Kristofa ndiye alikuwa anaiwasha kwenye boti ya ushirika, mpaka ziwa lilipomchukua. Hatukumpata kuzika. Chini ya kitako kuna msalaba aliuchora na msumari. Kitu chake kingine sina.

Jumanne, 5 Julai
Dalali kaninunulia pombe ya komoni kilabuni. Kijana ana adabu, shikamoo yake mpaka anainama. Kauliza habari za taa. Mimi tena! Nikampa ile ninayowapa watu hapa miaka ishirini: kamanda wa Kijerumani, meli imezama, taa ikaelea siku tatu inawaka. Kilabu kizima kikasogeza viti. Dalali anaandika kwenye daftari. Sijawahi kuandikwa mimi. Nimerudi natembea kama askofu.

Alhamisi, 7 Julai
Nimeuza mbuzi wawili. Mke wangu hasemi na mimi. Nyumba imetulia, raha.

Jumamosi, 9 Julai
Mnada. Kuna bwana wa miwani katoka Songea, anakusanya vitu vya kale. Viti hata hakuvitazama. Dalali kainua taa, kafungua daftari, kasoma. Maneno yangu yote. Ila siku tatu kazifanya saba. Mwongo yule.
Bei ikaruka. Nikaongeza. Bwana wa miwani akaongeza. Tukipoa tu, mtu wa nyuma anaongeza. Nikamtazama vizuri: dereva wa dalali. Mbuzi wangu wakaisha.
Nikasimama. Nikasema, "Jamani, hadithi hiyo nimeitunga mimi. Hakuna Mjerumani. Taa ni ya Kristofa, kaka yangu. Geuzeni kitako muone msalaba wake."
Dalali akageuza. Akauonyesha kwa watu. "Mzee wetu mjanja huyu, anataka tumwachie bure. Huu msalaba si wa Wajerumani?"
Watu wakacheka. Hata waliomjua Kristofa. Siwalaumu, nimewazoesha mwenyewe. Bwana wa miwani akapandisha mara mbili. Dalali akagonga meza.

Jumapili, 10 Julai
Misa. Mke wangu kaniwekea samaki, mbasa mzima, kichwa na mkia.
Mchana wajukuu wametaka hadithi ya taa. Nikawaambia alikuwepo kaka yangu Kristofa. Jioni anawasha taa ya boti, asubuhi anaizima. Wakangoja. Nikasema imeisha.
Yule mdogo, Agnesi, akasema, "Babu, tupe ile ya Mjerumani."
Nikamwambia ile imeuzwa.