Mtani wa Kwenye Treni ya Asubuhi

Jumatatu, 4 Machi
Treni ya wafanyakazi imechelewa tena. Ukonga tumeipanda saa kumi na mbili na nusu. Mie nasimamaga mlangoni, mazungumzo siyawezi. Mdogo wangu Maganga anakaa katikati, na Mama Tunu, muuza mihogo wa Pugu. Mzaramo yule. Sie Wanyamwezi. Basi utani mpaka mjini.
"Leo nani kakufungua kamba, mtumwa wangu?"
"Nimetoroka, bibi. Nimefuata mihogo yako niibe."
Behewa zima linacheka. Mie nacheka kimoyomoyo.
Maganga katoka Tabora mwezi wa kwanza. Kazi bado. Anazunguka mageti ya viwanda kutwa.

Jumatano, 6 Machi
Wasio na kazi wanakamatwa, wanapelekwa vijiji vya ujamaa wakalime. Ukiwa na kitambulisho cha kazi wanakuacha. Kama huna, ndugu yako mwenye nacho akikudhamini wanakuacha vilevile. Mie ninacho, nafagia karakana ya reli. Nimemwambia Maganga abaki nyumbani. Kakataa.
"Kaka, kwani wewe si upo?"

Alhamisi, 7 Machi
Wamemchukua Maganga.
Mgambo wawili walipandia Vingunguti. Wakaanza katikati. Maganga hana kitu mfukoni.
"Nani anamjua huyu?"
Mama Tunu akadakia, kama kawaida yake. "Mwizi wangu huyo! Mchukueni, kanimalizia mihogo!"
Watu wakacheka. Mgambo hakucheka. Labda kwao utani huu haupo. Akamshika Maganga mkono. Mama Tunu akapiga kelele, "Jamani, mtani wangu huyo, namtania tu!" Hawakumsikiliza.
Maganga akageuka, ananitafuta kwa macho. Mie nilikuwa nyuma ya jamaa mmoja mrefu. Kitambulisho nimekishika mkononi. Mdomo haukufunguka.
Nimefagia karakana yote. Njaa sikusikia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda kituoni walikowekwa waliokamatwa. Hawapo. Wamesafirishwa jana. Karani hajui kijiji gani.
"Umechelewa, kijana. Ungesema palepale."
Nikasema ahsante. Sijui kwa nini nilisema ahsante.

Jumapili
Nimelala. Mkeka wake upo vilevile.

Jumanne, 12 Machi
Mama Tunu hatanii tena. Kila anayekaa karibu naye anamwambia ulimi wake ndio uliomuuza mtoto wa watu. Leo kasema kwa sauti, "Laiti kaka yake angekuwemo siku ile." Hakuniangalia. Mie nilikuwa mlangoni.
Nimemwachia yeye mzigo wote. Najua ni vibaya. Siumii. Nadhani ningepaswa kuumia.

Ijumaa, 15 Machi
Mvua. Behewa halikujaa. Nimekwenda kukaa karibu yake, mara ya kwanza.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba."
Nikamwambia siku ile nilikuwemo. Kwamba kitambulisho nilikuwa nacho mkononi. Kwamba si ulimi wake.
Akafuta maji ya mvua kwenye tenga kwa pindo la khanga.
"Nilikuona, mwanangu. Nilikuwa nakungoja useme."
Stesheni nikamshushia tenga lake. Akashukuru. Nikaenda kazini.