Mkono wa Kushoto wa Baba

Kwako kaka,

Pokea salamu zetu. Naamini wewe, wifi na watoto mu wazima. Ningependa kuandika kwamba na sisi hatujambo, lakini leo sina uso wa kudanganya. Baba ni mgonjwa sana, na mimi nina hasira, tena nina hasira na wewe.

Sasa anasafishwa damu kwa mashine. Tulimfikisha hospitali amevimba miguu hata viatu alivyoshona mwenyewe havimwingii, pumzi inakata. Hapakuwa na muda wa kuchagua. Wakamtoboa shingoni, wakatia mpira wa kupitishia damu. Mpira ukaingia vijidudu, akatetemeka kwa homa mpaka kitanda kikalia. Wakauhamishia upande wa pili. Juzi na huo ukaanza kuziba.

Daktari wa figo, mama mmoja mkali asiyepepesa macho, alinieleza kuwa njia salama ni kuunganisha mishipa ya mkononi, nayo huchukua wiki nyingi kukomaa kabla ya kutumika. Ndiyo maana wagonjwa hutakiwa kwake mapema, figo zikiwa bado zinajikongoja. Akauliza siku zote hizo tulikuwa wapi.

Tulikuwa kwako, kaka. Si wewe ndiye daktari wa ukoo? Kwetu hata mafua hayaendi zahanati mpaka upigiwe simu. Mama aliposema mkojo wa baba una povu, ulicheka, ukasema mama kaanza udaktari uzeeni. Majibu ya damu yalipokuja mabaya, ukasema utamwangalia mwenyewe, eti wale wa figo wakimshika mtu hawamwachii. Kila likizo ukamchoma sindano za goti na kumtundikia dripu sebuleni, kwenye msumari wa picha ya harusi yako, daima mkono wa kushoto, ili wa kulia uendelee kushona. Majirani walikuja kutazama. Tulivimba vichwa!

Yule daktari wa figo aliupapasa mkono huo kuanzia kiwiko hadi kiganja, akatikisa kichwa. Mishipa imekakamaa, haiungiki. Wa kulia unafaa, lakini baba hataki kusikia, anaogopa usije ukalegea akashindwa kazi. Alipoulizwa nani alikuwa akimtoboa hivyo, akajibu ni kijana wa duka la dawa, alishahama. Alisema kwa uso mkavu kabisa, yeye aliyekuwa akituchapa kwa uongo wa kijiko cha sukari. Tulipobaki wawili akanionya nifunge mdomo, kwani wakikunyang'anya leseni atakuwa amekusomesha bure.

Kaka, sikufunga. Daktari alihitaji kujua zile sindano zilikuwa dawa gani, na mimi siwezi kumzika baba ili wewe ubaki na koti jeupe. Nilimfuata kwenye korido nikamtajia jina lako na kazi yako. Baba amejua, na hasemi nami tena. Chakula ninachompikia hukipokea kutoka mkononi mwa mama tu. Sijuti.

Nimembembeleza kuhusu mkono wa kulia, mama amelia, daktari amemfokea. Anatujibu sote jibu moja: anasubiri mwanawe daktari aje aseme.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Panda gari la kwanza utakaloliona.

Ni mimi, mdogo wako.