Shingo ya Mama

Moshi, Novemba 1998

Kwa dada yangu Dominika,

Shikamoo dada. Naomba barua hii iwakute wazima hapo Mkuu, wewe, shemeji na watoto. Mimi napumua tu, tushukuru kwa hilo. Mvua za vuli zimefika? Migomba ya Mama inaendeleaje?

Uliuliza udaktari unasomwaje. Jamani dada, usitamani! Chumba cha wawili tunalala wanne. Tunapiga pasi ndefu, mlo mmoja jioni, tena maharage yenye wadudu. Mwenzangu Valerian, aliyekuwa bingwa wa shule yao, siku hizi anajifungia chooni analia. Akitoka anasema ni mafua, nasi tunampa pole ya mafua.

Sasa habari ya Mama. Tangu mwezi wa sita uliandika kwamba rovu lake la shingoni limekua, na hospitali hataki kusikia. Eti hakusomesha daktari ili aje ashikwe shingo na mtoto wa mwenzake, atanisubiri mimi. Majirani nao wanamwunga mkono, maana rovu huko kwetu nani hana? Lakini juzi umeandika kwamba sauti imekauka na hata uji unampalia. Dada, hilo si rovu. Nimelisoma, nalijua linakokwenda, na sidhani kama yupo wa kulizuia sasa.

Nami nina langu, wacha niliseme. Tangu barua yako ile ya kwanza, kila mgonjwa niliyepewa nimpime shingo nilimwona Mama. Natoka wodini kabla sijamgusa. Mwishowe nikawa sirudi kabisa. Mtihani wa wodini sikuingia, wa marudio pia sikuingia. Nimedisko, dada. Chuo kimeniondoa tangu Septemba, nalala sakafuni kwa Valerian kwa kujificha. Huyo daktari anayesubiriwa na Mama hayupo.

Mpeleke hospitali, hata kwa uongo; mwambie nimeagiza mimi. Akishapokelewa, ndipo umweleze, umpe jani la sale nililokunja humu kwenye bahasha. Umpe kwa mikono miwili, umwombe anisamehe. Kwetu sale halikataliwi.

Nilitaka nililete mwenyewe, lakini namjua Mama. Akiniona tu langoni atafungua kitambaa cha shingoni, ainue shingo, angoje nimpime.

Msalimie shemeji, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Valerian naye mtajeni kwenye rozari.

Mdogo wako,
Remigius