Mashavu ya Gisubizo

West Side, Buffalo
14 Novemba 2015

Mpendwa mkubwa wangu Kamanzi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hapo Iroquois, Louisville, mnaamkaje? Mgongo unaivumilia kazi ya maboksi? Sisi tupo. Baridi imeshaingia, na mimi ningali nasafisha vizimba vya panya kule maabara.

Bon. Mwezi uliopita ulinitoa huku hadi Louisville niwe msemaji wa familia, wakwe walipotoka Columbus kumposa binti yako Gisubizo. Nikasimama mbele ya mzee wao, Ruta, nikasema: “Tazameni mashavu haya! Huyu amekuzwa kwa maziwa ya milimani.” Watu wakapiga makofi. Wewe ulipiga kuliko wote.

Sasa najua mashavu yale yalivimbishwa na vidonge vya ugonjwa wa lupus. Nyumba yako nzima ilijua, isipokuwa aliyepewa kusema.

Jumanne Gisubizo alinipigia simu. Hakusalimu. “Baba mdogo, panya wako wakianza kukojoa povu, wanaishi muda gani?”

Nikacheka, nikidhani ni mambo ya shule.

“Si shule. Ni mimi. Baba amesema niache dawa mpaka harusi ipite, wakwe wasizione.”

Mkubwa wangu, panya hao nawajua. Wanazaliwa na ugonjwa unaofanana na huo. Kinga ya mwili, badala ya kupiga vijidudu, inampiga mwenyewe, na mabaki ya vita hiyo yanakwama kwenye figo mpaka zinaharibika. Wataalamu wanatafuta ni seli gani inayoanza uchokozi. Kuna panya waliozaliwa bila aina moja ya seli hizo, na figo zao zinadumu. Bado wanabishana. Lakini sijasikia hata mmoja akisema panya aliugua kwa laana ya ukoo, kama wasemavyo watu, wala kwamba alipona kwa kufichwa machoni pa wakwe.

Wasiotibiwa huvimba. Juzi binti yako alishuka basi hapa na ndala, katika baridi hii, kwa sababu viatu vimemkataa. Mke wangu Emérence alimpeleka hospitali. Dawa amezirudia. Kuhusu figo, daktari anasema tungoje.

Ungeniambia, ningetafuta la kusema, maneno ninayo. Wewe uliazima mdomo wangu, ukanificha unakwenda kuufanyia kazi gani.

Gisubizo amemwambia ukweli mchumba wake Mucyo, kwa simu, jikoni kwangu. Donc Jumapili ijayo Mucyo na mzee Ruta wanakuja huku. Watasema nini, sijui. Gisubizo naye hajui; tangu jana anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Njoo uketi upande wa binti yako. Usipokuja, na mzee Ruta akauliza baba yake yuko wapi, nitajibu kwamba yuko Louisville, anaogopa. Hapo sitaongeza sifa.

Nisalimie shemeji Nyirangabo na mdogo wetu Précieuse. Mungu akulinde njiani, kama utaishika njia.

Wako akupendaye, hata sasa,
Ngarambe