Jogoo Wako Bado Anawika

Nyumbani kwa mama,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, unakula, unalala, na ule mgongo uliokusumbua kule kiwandani umetulia. Sisi huku miili inasukuma siku. Miguu ya mama imevimba kidogo lakini presha haijapanda. Macho ndiyo hayo hayo, anaona mwanga wa mlango na kivuli cha anayeingia, basi. Ulimi ndio haujaugua hata siku moja. Juzi aliniambia chai ninayompikia ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu tunakupigia tukiwa kitandani kwa mama, na yeye husikia kila neno. Hili sitaki alisikie. Hata sasa naandika nimekaa kwenye kiti pembeni yake, haoni ninachoandika.

Mdogo wangu, kuku wamekwisha. Nimebaki na mmoja tu, na huyo mmoja ndiye anayenitoa machozi.

Ilianza kwa jogoo wako, Mwenyekiti. Unajua tabia ya mama. Jirani yeyote mwenye kuku majike tu hupewa Mwenyekiti akakae kwake siku chache, bure, kisha anarudishwa. Mama haondoki kitandani lakini safari za huyo jogoo bado anazipanga yeye, kama katibu wake. Safari hii alikwenda kwa fundi cherehani, hapo nyuma yetu. Kuku wa fundi walikuwa wanapiga chafya, naye akadhani ni vumbi la vitambaa. Jogoo akarudi na kamasi puani. Nikamfungulia banda akaingia moja kwa moja kwa wake zake, maana hapa kwetu Mwenyekiti akitoka safari haulizwi kitu.

Kabla wiki haijaisha banda zima likawa linakoroma. Nyuso zikavimba, macho yakafunga kwa usaha, na harufu ikafika mpaka jikoni. Yule mweupe tuliyemwita Bibi Harusi alikufa wa kwanza, kichwa chake kikiwa ndani ya chombo cha maji.

Nikafanya kama mama alivyotulea. Maji ya vuguvugu, chumvi, kitambaa, nikawapangusa macho na pua mmoja baada ya mwingine. Kitambaa kimoja na beseni moja kwa banda zima, wagonjwa na wazima. Nilijiona muuguzi kweli kweli. Daktari wa mifugo alipokuja akaliona beseni, aliniambia taratibu, "Dada, wale ambao walikuwa hawajaupata, umewapelekea wewe mwenyewe." Nilitamani ardhi inimeze.

Alituachia dawa ya unga ya kuchanganya kwenye maji. Wagonjwa nikawahamishia kwenye bafu la nje, sisi tukawa tunaoga ndani kwenye ndoo. Waliokufa niliwachoma kwenye shimo nyuma ya ukuta. Waliobaki walipona, wakaanza kula na kuparua kama zamani. Nilifurahi, nikanunua mitetea wachanga kuziba mapengo. Haikupita muda mitetea nao wakaanza chafya, na hao niliowaponya wakiwatazama tu bila hata kukohoa.

Nilimwita daktari tena, na safari hii aliketi kabisa kwenye kizingiti kunieleza. Kuku aliyeugua mafua haya akapona anaonekana mzima, lakini ugonjwa umejificha ndani yake, na kila mgeni anayeingia anampa. Maadamu mmoja wao yupo, sitafuga kuku hapa. Watolewe wote, waliopona wachinjwe, nyama yao haina neno ikiiva vizuri. Banda lisuguliwe kwa dawa, likae tupu, ndipo nianze upya. Nikamuuliza, "Hata jogoo?" Akanijibu, "Jogoo anayetembea mtaa mzima? Huyo ndiye wa kwanza."

Wengine wote wameshachinjwa. Nilikaza moyo, nikachinja, nikasugua banda mpaka kucha zikachubuka. Mwenyekiti amebaki peke yake ndani ya banda safi, anatembea huku na huko kama mtu aliyeitisha mkutano watu wasije. Kila siku anayobaki ni siku ambayo siwezi kuleta kuku wengine. Na dawa za presha za mama zinatokana na mayai, hilo unalijua. Vidonge vilivyobaki ni vya kuhesabu, nami nimeshaanza kumpa kimoja pale alipotakiwa apewe viwili. Yeye hajui. Unanisikia? Hajui.

Majirani nao wanakuja kumwazima, na mama anawakubalia kutoka kitandani. Nawafuata getini nawadanganya kwamba jogoo ananyonyoka manyoya. Wananitazama kama mchoyo.

Nilimweleza mama yote aliyosema daktari. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, kitu ambacho hajawahi kunifanyia. Kisha akasema, "Huyo ni wa mwanangu. Hachinjwi mpaka mwenyewe aingie mlango ule." Akageukia ukutani.

Unakumbuka siku uliyoondoka? Begi lilikuwa begani, ukaokota kifaranga uani ukampa mama mkononi, ukamwambia huyu ndiye utakayenichinjia nikirudi. Sote tulicheka. Wewe ulikuwa unatania. Mama hakuwa anatania. Yule kifaranga ndiye Mwenyekiti, sasa amezeeka, nyama yake itataka kukaa motoni tangu asubuhi. Kila alfajiri akiwika, mama anasema peke yake, "Haya, bado yuko njiani." Ndipo anakubali kuinuliwa anywe chai.

Nimechukua kisu zaidi ya mara moja. Nikifika bandani ananitazama kwa jicho moja, ananisubiri nimalize hoja yangu. Narudi ndani, naweka kisu kwenye kabati, najifungia chooni nalia mdomo nimeuziba kwa kanga. Nimewaza kumchinja na kusema ameibiwa. Lakini alfajiri ile ya kwanza ya kimya, unadhani mama atafikiria kuku? Atakufikiria wewe. Nimewaza nikuombe umwambie kwa simu kwamba umeruhusu achinjwe. Hilo nalo atalisikia kwa namna moja tu, kwamba huji. Nimeligeuza jambo hili kila upande, mdogo wangu, na nimechoka, sina tena pa kushika.

Kwa hiyo sikuombi pesa, na sikuombi ushauri. Nakuomba uje umle jogoo wako. Najua kwa nini hurudi, hata kama hujawahi kulisema. Unaona aibu kurudi mikono mitupu baada ya miaka yote hii. Mama haoni ulichobeba mkononi. Anaona kivuli cha anayeingia. Ingia tu.

Fundi cherehani anakusalimu, na anatuomba radhi kila akipita. Binti yangu anakusalimu pia, anauliza kama mjomba ni mtu au ni sauti ya kwenye simu. Nilimjibu nitamwonyesha.

Mama ameamka sasa hivi, amesikia karatasi, ameuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni wewe. Anakusalimu sana, anakuombea Mungu akufungulie njia na akulinde huko uliko. Amesema pia nikuandikie kwamba jogoo wako alikuwa na mafua kidogo lakini amepona kabisa, anawika vizuri, usiwe na haraka wala wasiwasi, atakungoja. Nimeandika kama alivyosema.

Wako akupendaye na akungojaye,
Dada yako.